Sauti ya Pili ya Kihwelo

Nyumba ya Mapito niliijenga mimi, kwa mikono yangu hii miwili. Mtu akikuambia vinginevyo mwambie aje aniulize. Akija kweli nitamwambia kwamba nilikuwa mchota maji wa fundi, kwamba ndoo yangu ilikuwa na tundu, na kwamba fundi alinifukuza siku ya tatu kwa sababu nilikuwa nacheka kila akipima ukuta. Lakini yale maji machache yaliyofika yaliingia kwenye udongo, na udongo ukaingia ukutani, kwa hiyo nikisema niliijenga sisemi uongo mkubwa. Nasema uongo wa ukubwa wa ndoo inayovuja. Baadaye walinirudisha nikawa mpishi, na kwa kuwa jiko liko karibu na lango, wakanipa na lango. Jina langu ni Sikudhani. Wanaume waliokaa humo waliniita Bibi, na wakiwa na njaa waliniita Bi Mkubwa.

Nyumba iko katika nchi ambayo vita vyake vimekwisha, ila hakuna anayekumbuka vilikwisha siku gani. Wapo wanaosema ni jana. Wapo wanaosema vilikwisha kabla mama zao hawajazaliwa. Kinachojulikana ni kwamba askari bado wanarudi kutoka huko. Wanarudi mmoja mmoja kwa barabara ya vumbi, wamevaa magwanda yaliyopoteza rangi, wakiuliza nyumba zilizosimama pale ambapo sasa pana soko, wakiuliza wake ambao sasa ni mabibi wa wajukuu wa watu wengine. Wakikosa wanalala barazani kwa maduka, wanalala ndani ya makalavati ya barabara, wanalala kwenye ngazi za uwanja wa mpira wakiwa wamejipanga mstari kana kwamba mechi itaanza. Watu wakipita huwapisha kwa heshima kubwa, kama wanavyopisha jeneza, halafu hawageuki.

Ndipo mtu fulani, sijui nani, akaona kwamba mtu wa namna hii humtoi barazani ukamtupa ndani ya nyumba moja kwa moja. Atapasuka. Lazima kwanza akae mahali ambapo si nje na si ndani, msimu mmoja, ajifunze upya mambo ambayo wewe na mimi tunayafanya bila kujua kwamba tunayajua. Kulala mlango ukiwa umefungwa. Kula bila kuizungushia sahani mkono. Kusikia kifuniko cha sufuria kikianguka na kubaki umekaa. Msimu ukiisha na mambo hayo yakiingia, anapewa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe, katika mtaa ulio upande wa pili wa ukuta. Mtaa huo sijawahi kuuona. Kila nikiinua shingo nichungulie, ukuta nao unarefuka. Nimeusikia tu. Nimesikia milango ikifungwa kutoka ndani, polepole, na mkono wa mwenyewe, na kila nikiisikia sauti hiyo naacha kukoroga. Uji wangu una madonge kwa sababu hiyo, si kwa uzembe.

Nyumba ina vitanda kumi na vitatu. Siku ya kwanza kila mwanamume hukitandika kitanda chake mpaka shuka inakaza kama ngozi ya ngoma, kisha analala sakafuni kando yake. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya ishirini, ya thelathini. Kitanda kinabaki kama kaburi la mtu mashuhuri, hakiguswi. Halafu inafika asubuhi moja naingia na sinia langu nakuta kunjo. Kunjo moja la shuka, pale katikati, palipokaa ubavu. Nimeona katika maisha yangu ndama mwenye vichwa viwili, nimeona mto ukipanda mlima mwaka ule wa mafuriko, lakini hakuna kilichowahi kunishangaza kama kunjo lile. Naliweka sinia chini. Nasimama. Mtu amelala hapa, nasema moyoni. Mtu mzima mzima amekuja usiku huu kutoka huko alikokuwa, akafika, akalala.

Mkuu wa Nyumba aliitwa Msimamizi Tungaraza. Hatukuwahi kumwona. Alikaa nyuma ya dirisha dogo la ukubwa wa mkate, na kila asubuhi, wanaume wakiwa wamesimama uani, alifungua kitabu akasoma majina. Tulimjua kwa sauti, na kwa vidole vinne vilivyotokeza kugeuza ukurasa upande wa mwanga. Naye aliwajua wanaume kwa sauti tu. Jina likiitwa, mwenye jina anajibu, "Nipo." Basi. Sheria zilikuwa mbili, zimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Jina likikosa jibu, kitanda kinakwenda kwa anayesubiri langoni. Na anayejibu kwa jina lisilo lake, anatoka, na mlango wake upande wa pili anapewa mwingine.

Nipo. Nimeishia darasa la saba, na hata huko nilifika kwa kunakili, lakini neno hili limenikalisha jikoni nikiwaza mpaka kuni zikazima. Mtu anasimama mbele ya dirisha asiloweza kuona ndani yake, anaulizwa kama yupo, na anajibu. Amejuaje? Nani amempa uhakika huo? Mimi nikiulizwa ghafla ningeomba muda. Na yule aliye nyuma ya dirisha, ambaye hatujawahi kumwona akiwepo, ndiye anayeandika kwamba sisi tupo. Hakuna anayemwita yeye. Labda ndiyo maana hatoki. Labda anasubiri mtu afungue kitabu kingine, juu zaidi, amwite Tungaraza, na yeye apate kujibu.

Sasa Kihwelo.

Alikuja asubuhi, mrefu, mkavu, anatembea akiacha nafasi upande wake wa kushoto kama mtu anayeongozana na mwenzake. Orodha iliyotoka vitani ilikuwa na majina mawili ya kukaa chumba kimoja, Kihwelo na Nandonde. Nikamwuliza huyo wa pili yuko wapi. Akasema yuko nyuma kidogo, amesimama kufunga kamba za buti. Nikaacha lango wazi. Kamba zile zilifungwa karibu msimu mzima, sijawahi kuona buti la namna hiyo.

Siku ya kwanza uani, dirisha likaita Kihwelo, naye akajibu Nipo, kwa sauti nyembamba iliyokauka kama yeye. Likaita Nandonde. Kutoka mahali pale pale ikatoka sauti nyingine. Nene, yenye joto, ina kicheko kimejificha chini yake, sauti ya mtu aliyeshiba na aliyeoga. "Nipo." Nilikuwa mlangoni kwa jiko. Mwiko ulinitoka mkononi. Wanaume wengine kumi na mmoja walitazama mbele, hakuna aliyepepesa jicho, na vidole vinne vikageuza ukurasa.

Nilipompelekea uji nikampa mabakuli mawili nikasimama nimtazame. Hakuwa na aibu. Alinieleza kwa utulivu kwamba kule mstari wa mbele ulikuwa ndio utaratibu wao, waliuita kuitikiana. Mmoja akiwa ameenda kuchungulia adui, au ameenda kulia peke yake, jina lake likiitwa mwenzake anamjibia. Hakuna kiongozi aliyewahi kuuruhusu utaratibu huo na hakuna aliyewahi kuukomesha. Nandonde alimjibia yeye mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa kwenye kilima kimoja, na moshi ulipoondoka Nandonde hakuwepo, wala mwili wake haukuwepo. Walipohesabiwa jioni Kihwelo akajibu majina yote mawili, na tangu siku hiyo hajaacha, popote panapohesabiwa watu.

"Jina likiitwa likakosa wa kulipokea, Bibi, linaanguka," akaniambia. "Mimi sijamwona akifa. Nitaliachaje lianguke?"

Nikamwambia mimi ni mtu mzima, najua kunyamaza. Na nilinyamaza kweli. Ila lile bakuli la pili halikuwa na wa kulila, na uji ukipoa unafanya ngozi juu, ni dhambi kuutupa. Kwa hiyo nilikuwa namlia Nandonde kila asubuhi, kijiko kwa kijiko, na nikamsifu kwa Msimamizi kupitia dirishani, kwamba huyu Nandonde ni mlaji mzuri, anaendelea vizuri sana. Nilinenepa. Kihwelo naye akaendelea vizuri. Shuka yake ilipata kunjo siku ya arobaini. Shuka ya kitanda cha pili nilikuwa naikunja mimi kwa kiwiko.

Zikabaki siku tisa Kihwelo apewe ufunguo.

Siku hiyo ilinyesha mvua iliyonyooka, mvua isiyo na upepo, kila tone likishuka kana kwamba limeelekezwa pa kufika. Langoni nikakuta mtu amekaa ameegemea nguzo kwa ubavu wa kushoto. Mfupi, mpana wa mabega, buti zimefunguka kamba. Nikamwuliza jina. Akalitaja kwa sauti ndogo kama uzi: Nandonde.

Uzee una faida yake, uso ukikakamaa watu wanadhani ni kawaida yake. Nikaenda dirishani nikasema kuna mtu langoni anaitwa Nandonde, anaomba kitanda. Nikasikia kurasa. Sauti ya Msimamizi ikaniambia, bila ukali, kwamba Nandonde yumo ndani. Ameitika leo, ameitika jana, hajakosa hata asubuhi moja. Huyo wa langoni aambiwe kwamba mtu hawezi kuingia mahali alipo.

Nilirudi na maneno hayo nimeyabeba kama yai. Nikamwambia. Nilitegemea atagomba. Akafuta maji yaliyokuwa yanamtiririka puani, kisha akaniuliza, "Mimi huyo niliyemo, nimelala vizuri?"

"Umelala vizuri, baba."

"Na kula?"

"Unakula sana," nikasema, nikashika tumbo langu.

Akaridhika. Wallahi aliridhika. Na mimi nikabaki kwenye mvua ile. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo mtu mmoja yuko pande mbili za lango, na upande wenye kitabu ndio wa kweli.

Nilimwambia Kihwelo siku hiyo hiyo. Alikuwa anafua. Aliiacha nguo majini akaja mpaka nyuma ya ukuta wa lango, akaweka kichwa kwenye matofali, nami nikamzungumzisha yule wa nje ili sauti isikike. Kihwelo akasikiliza muda mrefu. Akarudi kufua. Akasema si yeye. Sauti ya Nandonde si ile. Sauti ya Nandonde ni hii hapa, akasema, na akaitoa, nene, ya joto, ikiwa na kile kicheko chini yake, na hata mimi nikaona kwamba kweli, ya ndani ilikuwa Nandonde zaidi kuliko ya nje.

Lakini mikono yake ilikuwa inasugua maji matupu.

Aliyoyasema baadaye aliyasema vipande vipande, mgongo umenigeukia, na sina hakika alikuwa ananiambia mimi. Siku tisa, Bibi. Siku tisa tu. Nikishapata ufunguo kitanda kitakuwa wazi, vitanda vitakuwa wazi viwili. Nitaacha kuitika, jina litaanguka, ataliokota mwenyewe pale langoni. Siku tisa ni nini kwa mtu aliyekaa miaka? Sijafunga mlango tangu nilipotoka kwa mama yangu. Ninapoota, naota komeo. Si nyumba, si mke, komeo. Nalisukuma, linaingia. Nikienda langoni leo nikasema huyu ndiye, natoka mimi. Tunakuwa wawili nje. Hapo nani atakuwa amemwokoa nani?

Nilikuwa na bakuli la uji. Kuanzia siku ile nililipeleka langoni, nikawa namlisha yule mtu uji wake mwenyewe, nao aliusifu. Mvua haikukatika. Siku ya nne alianza kukohoa. Siku ya sita hakuweza kuinua bakuli nikamshikia. Asubuhi ile ile uani walikuwa wanahesabiwa, na kupitia juu ya ukuta ikaja ile sauti nene. Nipo. Yule mtu aliinua kidole nisimkatize.

"Kuna mtu anaitika vizuri sana mle," akasema. "Kila nikimsikia najiambia, kumbe mimi ni mzima."

Nimewahi kusikia mahubiri, nimewahi kusikia wakuu wakihutubia kwa vipaza sauti, nimesikia na radi. Hakuna maneno yaliyowahi kuniinamisha kichwa kama hayo ya mtu anayekufa nje ya mlango wake, anafurahia afya yake inayosikika ndani. Nilijua wakati ule kwamba Kihwelo hakuwa mwongo hata kidogo siku zote zile, na kwamba sasa ndipo alipoanza kuwa. Neno halikubadilika, wala sauti haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwenye jina alikuwa amefika.

Siku ya tisa mvua ikakatika. Anga ikawa kubwa mno, ikashuka mpaka kwenye mabati, na kila kitu uani kikawa na kingo kali kama kilichokatwa kwa mkasi. Wanaume kumi na wawili walisimama mstari mmoja wakiwa wamenyoa. Mlango mdogo kando ya dirisha, ambao siku zote tulidhani ni rangi tu iliyopakwa ukutani, ukafunguka. Akatoka Msimamizi Tungaraza. Ufunguo hutolewa kwa mkono, nadhani ndiyo sababu. Alikuwa mtu mdogo, amevaa kandambili na shati lililofungwa mpaka shingoni, anapepesa macho kama kifaranga. Alitutazama mmoja mmoja kwa mshangao, na nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa hajaamini sana kwamba tupo. Mkono mmoja ulishika kitabu, mwingine ufunguo uliofungwa utepe. Ufunguo ulimeta. Nilisikia pumzi ya Kihwelo kutoka nilipokuwa.

Na mimi nilikuwa langoni. Komeo la lango lilikuwa limelegea, hilo nimeliandika na kwenye ripoti ya lango. Lililegea lilipoguswa na mkono wangu.

Msimamizi akasoma. Majina yakapita, Nipo, Nipo. Akaita Kihwelo, na ile sauti kavu ikajibu. Akaita Nandonde.

Zikajibu mbili. Moja kutoka mstarini, nene. Moja kutoka langoni, kama uzi, na mwenye nayo akaingia nyuma yake akishika ukuta, hatua kwa hatua, akasimama katikati ya ua, uso ameuelekeza kwenye dirisha kama aliyezoea kuhesabiwa.

Hakuna aliyecheka. Msimamizi akatazama kitabu, akakuta jina moja na mstari mmoja. Akamwuliza Kihwelo, kwa kuwa sauti ya kwanza ilitoka upande wake, yule mwenzake wa chumba yuko wapi. Kihwelo akasema amejibu kisha ameenda msalani, tumbo. Akamwuliza kama anamfahamu huyu aliyeingia. Kihwelo alikuwa amekaza macho kwenye utepe wa ule ufunguo.

"Simjui, bwana."

Msimamizi akamgeukia mgeni. Akiwa amesimama karibu naye, upande ulipo mstari, akamwambia ajitambulishe. Yule mtu akaendelea kutazama dirisha. Akamwuliza mara ya pili, kwa nguvu, umetumwa na nani. Mara ya tatu alipaza sauti mpaka shingo ikamvimba, na yule mtu akatabasamu kidogo hewani, kama mtu anayesikiliza maji ya mbali. Msimamizi akasema basi, tapeli ni tapeli, hata kujibu hawezi. Tumboni mwangu mlikuwa na mabakuli ya uji mengi mno hata nisiweze kusimama kama shahidi. Msimamizi akamwambia Kihwelo kwamba jina lililoibwa ni la mwenzake, hivyo ni haki yeye ndiye amwambie huyu mtu atoke. Akishamwambia, aje achukue ufunguo wake.

Kihwelo akatoka mstarini. Mwendo wake ulikuwa wa paredi mwanzoni. Hatua tano zingemtosha kufika kwenye bega la karibu na kulisema neno lake. Alifika kwenye bega hilo, la kushoto, pale pale Msimamizi alipokuwa amepigia kelele, lakini hakusimama. Akapita nyuma ya yule mtu, akamwekea kiganja mgongoni asiyumbe, akazunguka mpaka upande wa kulia. Akainama. Alikuwa mrefu, aliinama sana, mpaka mdomo ukakaribia sikio, na akamwambia taratibu, kama unavyomsemesha mtu usiyetaka kumwamsha:

"Afande, mimi sikujui."

"Nimekusikia," akasema Nandonde.

Msimamizi akatazama lile sikio la kushoto alilokuwa akilipigia kelele. Akatazama la kulia. Kisha akaurudisha ufunguo mfukoni mwa shati, taratibu sana, utepe ukabaki ukining'inia nje.

"Kama humjui," akamwuliza Kihwelo, "nani amekuambia sikio lipi linasikia?"